Mto au Mtu: Hati ya Shamba la Mikindani

Karatasi ilinifikia imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Rangi yake ilikuwa ya chai, mikunjo imechakaa hadi mwanga unapenya, na ubavuni mchwa walikuwa wamekula kipande cha ukubwa wa kucha ya gumba. Mistari 14 ya wino mweusi, herufi za Kiarabu, mwandiko wa mtu aliyezoea kalamu. Mzee aliyeileta, jirani yangu hapa Mikindani, mkoani Mtwara, aliiweka mezani akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa lugha. Tusomee."

Nafundisha Kiswahili sekondari, huu ni mwaka wa 19. Sikuweza kusoma hata neno moja. Siku chache baadaye nikaja kujua kwamba karatasi ile, kuanzia mstari wa tatu hadi wa mwisho, ilikuwa Kiswahili kitupu.

Wanafunzi huniuliza kwa nini lugha nyingine huandikwa kwa herufi za Kirumi na nyingine zimeng'ang'ania za kwao, na kwa miaka mingi nimewajibu kwamba herufi za Kirumi ni rahisi na zinaikaa lugha vizuri zaidi. Kisa cha karatasi hii kimenifanya nisilitoe tena jibu hilo. Majina ya wahusika nimeyaacha, maana shauri ni la watu walio hai na bado wanapishana njiani kila asubuhi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi. Nje kidogo ya mji kuna shamba la minazi ambalo ukoo wa mzee huyu umelirithi kizazi hadi kizazi. Kusini mwa shamba, kabla hujafika kwenye kijito kinachojaa masika na kubaki mchanga mtupu kiangazi, kuna kipande cha kama ekari mbili na nusu. Pale pana mikorosho na mihogo ya familia nyingine, na wamepalima tangu wazee wa leo hawajazaliwa. Hakuna aliyenung'unika mpaka alipotokea mnunuzi wa viwanja. Ukoo wa minazi wakasema shamba letu linafika mtoni, hawa tuliwaachia walime tu kwa ujirani. Familia ya mikorosho wakasema hapana, pale ni petu. Shauri likafika baraza la kata, wazee wa baraza wakauliza kama kawaida: kuna maandishi? Ndipo karatasi ikatolewa kashani.

Kabla ya kuja kwangu walikuwa wamejaribu njia mbili. Waliipiga picha kwa simu, programu ya kutafsiri ikadhani ni Kiarabu na kutoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha wakaipeleka kwa ustadhi wa madrasa, mtu aliyesoma Kiarabu hasa. Alisoma Bismillahi, akasoma mstari wa pili wenye salamu na tarehe, mwaka 1322 wa Hijra, ambao unaangukia 1904 na 1905 kwa Miladi. Kisha akanyamaza. "Herufi naziona," alisema, "lakini hii si Kiarabu. Sijui ni nini." Nadhani kukijua Kiarabu ndiko kulikomkwamisha. Jicho lake lilikuwa likitafuta maneno ya Kiarabu, na hayakuwepo.

Aliyelifungua fumbo ni mtoto wa darasa la sita.

Tulikuwa tumekaa barazani kwa yule mzee. Ndani ya mlango, juu ya mkeka, alikuwepo shangazi yake, bibi aliyepita miaka 80, anasuka ukili. Macho yake yamepungua nuru, lakini vidole havihitaji macho kwa ukili. Mtoto huyo ni kitukuu wake na kila jioni anasoma madrasa. Hakuna aliyemwambia asome. Alichungulia karatasi mezani akaanza kutamka kama anavyotamka juzuu, herufi kwa herufi, bila kujali kama kinachotoka kina maana.

"Shaa-ba. La. Mi-naa-zi."

"Shamba la minazi," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Endelea, mjukuu wangu."

Tulitazamana. Mtoto akaendelea, "Li-li-u. Ki-waa-ni."

"Lililo kiwanjani? Hapana. Rudia hapo."

Alirudia. Walikwenda hivyo hadi adhuhuri, mtoto akitoa sauti, Bibi akitoa maneno. Kumbe babu yake alimfundisha maandishi haya akiwa msichana mdogo, apate kusoma barua za baba yake aliyekuwa baharini. Ukimwekea karatasi karibu ya uso mchana wa jua kali, husoma mwenyewe, polepole. Na katika karatasi za shauri lile, siku ya kwanza walipoorodheshwa mashahidi, mbele ya jina lake kuliandikwa: hajui kusoma wala kuandika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliulizwa kama amesoma shule, akajibu hajasoma.

Inafaa nieleze kwa nini mtoto alisema "shaaba" na Bibi akasikia "shamba", maana hapo ndipo ugomvi wote ulipolala.

Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Waandishi wetu wa zamani walitumia alama ya kisra kwa i na vilevile kwa e, na alama ya dhumma kwa u na vilevile kwa o. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g ya "gari". Basi herufi be ikabeba b na p, fe ikabeba f na v, ghaini ikabeba g, ng na ng'. Tena ile m au n inayotangulia konsonanti nyingine, kama katika "mb" na "nd", mara nyingi hawakuiandika kabisa. Kwa hiyo "shamba" na "shaba" ni neno moja karatasini. "Bibi" na "pembe" ni neno moja. "Kombe", "kumbe" na "kumbi" ni neno moja. Msomaji alitarajiwa kukijua Kiswahili, naye alijua, kwa hiyo hakuhangaika. Mtu akikuandikia kwamba ng'ombe wake amevunjika bibi, utajua tu ni pembe.

Mtu akisoma hapo atasema: si unaona? Herufi zile hazikutufaa, ndiyo maana tukaziacha. Nami nilisema hivyo siku ile. Halafu nikafikiri neno "barabara". Andika kwa herufi tunazotumia leo: "Alipita barabara." Alipita njia kuu, au alipita sawasawa? Huwezi kujua, kwa sababu herufi zetu hazionyeshi mkazo. Wale wazee walionyesha. Silabi yenye mkazo waliivuta kwa alifu, ye au wau, ndiyo maana mtoto alisoma "shaaba" na "minaazi". Kwao barabara ya kupita na barabara ya sawasawa ni maandishi mawili tofauti, ya kwanza imevutwa katika silabi ya tatu, ya pili katika silabi ya pili. Kwetu sisi ni neno moja, wala hatuhesabu kuwa ni upungufu, kwa sababu tumezoea.

Tena upungufu wa herufi hutibika. Waajemi walipochukua herufi za Kiarabu waliongeza nukta na mikwaju wakapata p, ch, zh na g, na lugha yao inaandikwa hivyo hadi leo. Wamalei walifanya vivyo hivyo wakaziita Jawi. Waswahili wa Mombasa na Lamu nao walizitia nukta wakapata p, ch na v. Kama shida ingekuwa kukosa herufi, dawa ilikuwa imeshapatikana.

Sasa niseme kilichokuwa katika karatasi. Mtu mmoja anamuuzia mwenzake shamba la minazi kwa rupia, fedha ya utawala wa Wajerumani. Mipaka inatajwa mmoja mmoja. Matlai, yaani mawioni, ni njia ya kwendea kisimani. Machweo ni shamba la jirani kwa jina lake. Kaskazini ni bahari. Na suheli, yaani kusini, kwa jina la nyota wanayoijua mabaharia, mpaka ni neno la herufi mbili: mimu, halafu te yenye dhumma. Linafuata "wa", kisha jina la mtu, tumwite Fulani.

Dhumma ni u, na ni o pia. Mto wa Fulani, au mtu wa Fulani.

Kama ni mto, shamba linafika kijitoni na ukoo wa minazi umeshinda. Kama ni mtu, kusini mwa shamba paliishi mtu, na mpaka uliishia kwake. Ukoo wa minazi wakasoma "mto" papo hapo, tena kwa imani, kwa sababu mto upo na unaonekana. Mzee wa familia ya mikorosho, aliyeitwa aje asikie, alisimama ukutani kimya muda mrefu. Kila mzee wa pwani hii anajua maana ya "mtu wa fulani" katika maandishi ya 1904. Si jamaa yake wala si mgeni wake. Ni mtumwa wake, au aliyekuwa mtumwa wake akapewa mahali pa kukaa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 18 hivi baada ya wino ule kukauka.

Neno lililofuata jina la Fulani, ambalo lingetusaidia, ndilo lililoliwa na mchwa.

Baraza liliahirishwa wiki mbili, nami katika wiki hizo nilikuwa nikijiuliza swali lililonisumbua kuliko mpaka wenyewe: ilikuwaje karatasi ya Kiswahili, iliyoandikwa katika mji huu, isisomeke na mwalimu wa Kiswahili wa mji huuhuu?

Haikuwa karatasi ya ajabu wakati wake. Barua kongwe kuliko zote za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa, hapo juu mkoani Lindi, mwaka 1711, kwa herufi hizihizi, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao wa nyanda za Makonde, alipomjibu Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, kwamba haoni sababu ya kumtii, alimjibu kwa Kiswahili cha barua. Wajerumani wenyewe ilibidi wajifunze. Huko Berlin kilianzishwa chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1887, na mwalimu wake wa Kiswahili, Carl Büttner, akachapa mwaka 1892 mkusanyiko wa nyaraka za Kiswahili zenye herufi za Kiarabu ili maofisa wanaokuja huku waweze kuzisoma. Fikiria hilo: ofisa wa Kijerumani aliyekaa katika boma hili la Mikindani, lililojengwa 1895, huenda alisomea herufi ambazo mimi mzaliwa wa hapa sikuzisomea.

Zilizotangulia kubadilika ni shule. Johann Ludwig Krapf, mmishenari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitetea herufi za Kirumi kwa hoja mbili na hakuificha yoyote: kwamba za Kiarabu haziikai lugha, na kwamba zingeufungulia Uislamu mlango. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alikuwa na mtambo wa kuchapia, na mwaka 1876 ndiye aliyeanzisha kituo cha Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Watoto wa Masasi walijifunza kusoma kwa a, e, i, o, u. Kimakonde, Kimwera na Kiyao vilipoanza kuandikwa na wamishenari viliandikwa kwa herufi hizo, na huko bara hazikuwa na mshindani wa kutisha.

Halafu serikali ya Wajerumani ikafungua shule zake kuanzia miaka ya 1890 kwa sababu ilihitaji makarani, wakusanya kodi na wapiga simu za waya. Kijana aliyejua kuandika Kiswahili kwa Kirumi alipata mshahara. Aliyejua kwa herufi za babu yake alipata heshima ya mtaani, na hati za shamba kama hii. Kufikia 1930, ilipoundwa kamati ya kusanifu Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki, walibishana juu ya lahaja, tahajia na kamusi. Suala la herufi lilikwisha kabla hawajaketi.

Lakini hilo lina nusu ya pili, na ndiyo iliyonichukua muda kuiona. Herufi za Kiarabu hazikuondoka Mikindani. Ziko hapa, kila mtoto wa madrasa anazijua kabla hajajua za Kirumi, mtoto wetu wa darasa la sita ni shahidi. Kilichoondoka ni kuzitumia kwa Kiswahili. Madrasani watoto walifundishwa herufi ili wasome Qur'ani, nayo ni Kiarabu. Kuandika Kiswahili kwa herufi hizo hakukuwa na darasa lake. Mtu alijifunza pembeni, kwa babu, kwa mjomba nahodha, kwa kadhi aliyemtuma kunakili. Kitu kinachofundishwa pembeni hukatika mara moja mafundi wakizeeka. Herufi zilikuwa na shule na msahafu, Kiswahili ndani ya herufi hizo hakikuwa na kimojawapo.

Nikianzia hapo naona mambo ya mbali yakijipanga.

Chukua Uturuki. Watu husema Waturuki waliacha herufi za Kiarabu kwa sababu lugha yao ina irabu nane. Ni kweli ina irabu nane, na ilikuwa nazo pia kwa karne zote ilizoandikwa kwa Kiarabu. Kilichobadilika ni dola. Novemba 1928 sheria ilipitishwa, na rais wao, Mustafa Kemal, alikuwa ameshazunguka na ubao akifundisha herufi mpya kwa mkono wake. Wakati huo waliojua kusoma nchini walikuwa karibu mtu 1 tu kati ya 10. Gharama ya kubadili herufi humwangukia anayejua kusoma tayari. Asiyejua hapotezi kitu, ataanza na hizi au zile. Wasomaji wakiwa wachache, na wengi wao wakiwa watu wa utawala uliopinduliwa, hakuna mwenye nguvu ya kuzuia.

Weka Japani upande wa pili. Hakuna maandishi magumu kama yao: aina mbili za herufi za silabi pamoja na maelfu ya michoro ya Kichina ndani ya sentensi moja. Mwaka 1946, nchi ikiwa chini ya jeshi la Marekani, ujumbe wa elimu kutoka Marekani ulipendekeza wahamie herufi za Kirumi. Nchi iliyoshindwa vita, mtawala mgeni, herufi ngumu: kila kitu kilielekea kwenye mabadiliko. Hayakutokea. Mwaka 1948 ulifanyika uchunguzi nchi nzima kupima watu wanavyosoma, ikaonekana wasiojua kusoma kabisa ni wachache mno. Gharama ingemwangukia kila mtu, kuanzia muuza samaki hadi profesa. Walipunguza idadi ya michoro ya kufundisha, basi.

Vietnam ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Alexandre de Rhodes alichapisha Roma kamusi ya lugha yao kwa herufi za Kirumi mwaka 1651. Herufi zilikuwepo, zinaikaa lugha, zina alama za toni. Kwa zaidi ya miaka 200 zilibaki mambo ya Wakatoliki, kwa sababu mtu aliyetaka cheo alifanya mtihani wa kifalme, na mtihani ulikuwa wa michoro ya Kichina. Wafaransa walipotawala wakazisukuma mashuleni na ofisini, na mwaka 1919 mtihani wa mwisho ukafanyika. Baada ya hapo nani angesomea michoro?

Wasomali wanazima hoja ya dini. Karibu wote ni Waislamu, walikuwa na maandishi ya Kiarabu ya mashekhe wao, walikuwa pia na herufi zao wenyewe, Osmania, zilizobuniwa na Osman Yusuf Kenadid katika miaka ya 1920. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre ikachagua Kirumi. Mitambo ya chapa na taipureta zilizokuwepo nchini zilikuwa za Kirumi, na herufi za Kirumi hazikuwa za ukoo wowote. Na katika Ethiopia moja, Kiamhari kimebaki na herufi zake za kale, zenye kanisa na ufalme nyuma yao, huku Kioromo, ambacho wasemaji wake waliziona herufi hizo kuwa za waliowatawala, kilichukua Kirumi rasmi mwaka 1991. Ardhi moja, shule moja, majibu mawili.

Azabajani wao wameonja kila aina. Kiarabu, kisha Kirumi katika miaka ya 1920, kisha herufi za Kirusi kuanzia 1939 kwa amri ya Moscow, kisha Kirumi tena baada ya 1991. Kuna nyumba kule ambazo babu, mwana na mjukuu hawawezi kusomeana barua. Zamani ningesoma habari hiyo nikapita. Sasa namwona shangazi yule na ukili wake.

Turudi barazani. Wiki mbili zilipokaribia kwisha nilikwenda kwa Bibi na nakala kubwa ya picha, niliyoichapisha kila mstari ukubwa wa kidole. Nilimpigia shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Mwalimu, mmeng'ang'ana na mstari mmoja. Waraka husomwa hadi mwisho." Alitaka asomewe upya na kitukuu wake, mistari yote 14, pamoja na ile ya mashahidi ambayo sisi tuliiruka tukidhani ni majina matupu.

Mstari wa 12 unasema majirani wa shamba wamehudhuria. Yule wa machweo anatajwa kwa jina, amekubali. Kisha mtoto akatamka, "Na-wa-su-hee-li. A-mi-ri-dhii-a."

"Na wa suheli ameridhia," Bibi alisema. Aliacha ukili. "Basi. Mto hauridhii."

Hata mto ungeridhia, ungeridhia kwa u: umeridhia. Mwandishi aliandika alifu yenye fat-ha, a ya mtu. Irabu ya o na u haikutenganishwa na herufi, ila ngeli ikaitenganisha, mistari minne mbele yake, miaka zaidi ya 100 baadaye. Nimefundisha upatanisho wa kisarufi maisha yangu yote na sijawahi kuuona ukifanya kazi nzito kama ile. Mimi, na vitabu vyangu, nilikuwa nimetafuta jibu ndani ya neno. Yeye alijua kuwa maandishi yale hayakuandikwa yasomwe neno moja moja.

Wazee wa baraza walimsikiliza mtoto akitamka na Bibi akitafsiri, wakamwita ustadhi athibitishe kuwa ile ni alifu yenye fat-ha, akathibitisha. Pande mbili zilipatana pale pale: mpaka unaishia kwenye mstari wa miembe ya zamani, na kipande cha kusini ni cha familia ya mikorosho. Mzee wa minazi alikubali kwa mkono wake. Waraka ulikuwa wake, ungeweza kubaki kashani, na alisema mbele ya watu kwamba hawezi kuutoa mwenyewe halafu aukatae.

Nilipewa kazi ya kuandika nakala kwa herufi za sasa, moja ya baraza, na moja kwa kila familia. Nikaandika jioni hiyohiyo, mstari kwa mstari, nikiweka mabano matupu palipoliwa na mchwa.

Kesho yake mzee wa mikorosho alikuja nyumbani. Alikaa, akanywa maji, akazungumza habari za mvua. Kisha akatoa nakala yake, akaweka kidole kwenye mstari wa nane.

"Mwalimu, hapa umeandika mtu wa Fulani."

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu. Ndilo neno lililokupeni shamba."

"Najua. Sikatai." Alikaa kidogo. "Kule kwenye karatasi yao, anayesoma ni yule anayejua tayari. Hapa atasoma mtoto yeyote."

Nilimweleza kwamba nakala ya baraza siwezi kuigusa, haki yake imesimama juu ya neno lile. Alikubali. Alichotaka ni hii ya nyumbani, ambayo wajukuu wake wataikuta siku moja. Hakutaka niseme uongo, hakutaka niandike mto. Aliuliza kama neno hilo moja linaweza kukaa lilivyokaa.

Nilichapa upya ukurasa wake, nikaacha nafasi katika mstari wa nane, tukaenda wote kwa Bibi. Aliletewa kalamu ya wino na ubao wa kuegemezea. Mtoto alimshikia karatasi isiteleze. Aliinamisha uso karibu kugusa ukurasa, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kati ya maneno yangu yanayotoka kushoto kwenda kulia, mimu, na te yenye dhumma.

Mzee alisubiri wino ukauke, akaikunja mara nne.